Ndege Aliyefutwa

Wanaosema wahesabu ndege ni watu wapole hawajawahi kukaa nao mwisho wa mwaka. Miezi yote wanatembea taratibu, wananong'ona, wanasimama chini ya mti mpaka shingo ziwaume. Ukifika mwezi wa kulinganisha orodha zao, utadhani ni ndugu wanagombea shamba la urithi.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Dada yake, yaani shangazi yangu, alikuwa mwingine. Baba alikuwa na duka la dawa ambalo sasa ninaliendesha mimi. Shangazi ni fundi cherehani, chumba chake kiko nyuma ya duka hilohilo, na mpaka leo akikupima kiuno jicho moja liko dirishani. Mwenyekiti wao alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa suruali zilizonyooshwa na kanuni zilizonyooshwa zaidi. Walikutana sebuleni kwake, kila mmoja akasoma aina za ndege alizoziona mwaka huo, wenzake wakabisha, wakacheka, wakanywa chai. Mwenye aina nyingi kuliko wote alikuwa wa kwanza, na orodha ya mwaka ilibandikwa ukutani. Kanuni kubwa ilikuwa hii: ndege uliyemwona peke yako, na wengine hawamjui, hahesabiwi mpaka mtu mwingine naye amwone. Na huyo mtu asiwe ndugu yako.

Mwaka ule Baba alisoma ndege asiye na jina. Alisema alimwona kwenye mtambo wa zamani wa maji, ule uliofungwa, nyuma ya gereji za malori. Hakuwa kwenye kitabu chochote. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mfamasia, punguza kuonja dawa zako." Sebule ikaangua kicheko. Kisha akachukua kalamu akamfuta yule ndege mbele ya watu wote. Mimi niliyekuwa nimekuja kumchukua nilimwona anavyoikunja orodha yake mara nne, na hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza.

Baada ya hapo akawa anaenda kwenye ule mtambo kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Siku moja duka halikufunguliwa. Mlinzi wa gereji ndiye aliyemkuta, ameketi ameegemea ukuta, hana jeraha lolote. Daktari alisema ni moyo. Sikubishana naye. Lakini mimi na Shangazi tulimwona kabla hajafunikwa, na midomo yake ilikuwa imebanwa mbele, kama ya mtu anayeita ndege.

Niwaeleze kuhusu kuita. Vindege vikijificha kichakani, mwenye kuhesabu hubana midomo akatoa sauti, pshi, pshi, pshi, na vyenyewe kwa udadisi vinatoka kuangalia kuna nini. Ni ujinga wa ndege tu. Vinasogea tawi kwa tawi, vichwa upande, mpaka unaweza kuvishika. Kila mtu ana mtindo wake. Baba alipiga pshi mbili ndefu, halafu kikohozi kidogo, maana kifua chake hakikuwa kizuri.

Mwaka uliofuata wakakutana tena kulinganisha. Nilikwenda na Shangazi. Ilipofika zamu yake hakusoma.

"Kwanza rudisheni ndege wa kaka yangu," alisema.

"Dada, tumeshamzika," alijibu Mwenyekiti. "Tuache yapite."

"Mmemzika na jina la mwongo. Hilo halijapita."

Mwalimu mmoja, mama mtaratibu, akamwinamia sikioni. "Pale mtamboni si pazuri. Wanasema waliojenga waliacha mtu ndani ya zege ili kuta zisimame. Mafundi waliotumwa kubomoa walikimbia wakaacha nyundo zao."

"Basi nyundo zipo, nitazihesabu pia," Shangazi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Akamgeukia Mwenyekiti. "Wewe si ndugu yetu. Unafaa kuwa shahidi. Asubuhi twende wote. Au miwani imepasuka?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa na kiburi, na kiburi hakikatai mwaliko mbele ya watu. Akasema atakuja.

Jioni ile nilimsihi Shangazi asiende, akiwa amekaa kwenye cherehani. Nikamwambia nimebaki na yeye tu, sina mwingine. Akakata uzi kwa meno.

"Ndiyo maana naenda. Kama umebaki na mimi tu, basi usibaki na mwoga."

Nikaenda nao. Jua lilikuwa limeshapanda, mafundi wa gereji wanagonga vyuma, redio inaimba. Kabla hatujafika kwenye pengo la uzio wao walishaanza kuhesabu kwa mazoea. Shomoro juu ya waya. Njiwa wawili kwenye bomba la mvua. Kunguru. Mwenyekiti alikuwa mchangamfu, akamtania Shangazi kwamba huenda Mfamasia aliona kuku wa mlinzi. Tukapita pengoni, na baadaye nikagundua kwamba tangu tuvuke uzio hakuna hata ndege mmoja aliyetajwa.

Jengo la pampu lilikuwa halina milango. Ndani kulikuwa na tangi kubwa lililochimbwa chini, halina ukingo wala reli, maji yake meusi na yametulia. Tukasimama nje ya kizingiti. Ile redio ya gereji sikuisikia tena, wala nyundo.

Mwenyekiti akabana midomo. Pshi, pshi, pshi.

Kimya.

Akarudia.

Halafu ndani, ng'ambo ya maji, kitu kikaitikia. Pshi ndefu. Pshi ndefu. Kikohozi kidogo.

Shangazi alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Ni yeye," Mwenyekiti alinong'ona.

"Marehemu haiti ndege," Shangazi alisema. "Tazama."

Alikuwa juu ya bomba lenye kutu. Ndege. Mkubwa kiasi cha kuku mdogo, wa rangi ya jivu, koo jeupe. Ametulia. Kichwa chake kilikuwa kimetuelekea na macho yote mawili yako mbele, yanatutazama pamoja. Sauti ikaja tena. Pshi. Pshi. Kikohozi. Mdomo wa ndege ulikuwa umefungwa. Koo halikutikisika.

Mwenyekiti akaanza kutembea. Hatua ndogo. Kichwa upande. Anasogea, anasita, anasogea, jinsi vindege vinavyosogea tawi kwa tawi. Mbele yake hakukuwa na kitu ila maji.

Nikaiangalia miguu yake. Kisha nikaiangalia yangu.

Nilikuwa nimeshavuka kizingiti.

"Kidonge," sauti ikasema. "Njoo uone."

Kidonge ni mimi. Baba aliniita hivyo nikiwa mtoto, kwa sababu nilikuwa mdogo na mchungu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo, hata Shangazi. Machozi yakanitoka na nilitaka kwenda. Nasema ukweli, nilitaka sana kwenda.

Shangazi alinivuta nyuma nikaanguka. Akamkamata Mwenyekiti kwenye kola, kwa vidole vilivyoshika vitambaa maisha yote, akasimama kati yake na lile tangi. Alimpa ndege uso wake mzima.

"Sauti hiyo si yako," alisema. "Umeiokota kwa marehemu."

Pshi.

"Mwenyekiti! Mgongo rangi gani?"

Mwenyekiti alikuwa anavutana naye, miguu bado inakwenda.

"Mgongo! Wewe si mjuzi? Sema!"

"Ji... jivu."

"Koo?"

"Jeupe."

"Mdomo?"

"Mweusi. Umefungwa." Alianza kulia. "Umefungwa, Dada, na bado anaita."

"Usisikilize. Tazama. Miguu?"

"Vidole... vyote vinaangalia nyuma."

Miguu ya Mwenyekiti ikasimama. Niliona ilivyosimama, kama mashine iliyozimwa. Shangazi akaendelea kuuliza, mkia, ubawa, kucha, na yeye akaendelea kujibu huku kamasi zinamtiririka, na kila alipojibu sauti ile ilipungua. Pshi. Psh. Mwishowe kikabaki kikohozi peke yake. Kikawa cha mbali. Kikakoma.

"Nimekuona," Shangazi alimwambia yule ndege. "Nimekuhesabu. Kaka yangu alikuhesabu kabla yangu. Utake usitake, upo, na yeye alisema kweli."

Ndege hakuruka. Alishuka kwenye bomba akatembea kinyumenyume, akitutazama, mpaka akaingia kwenye giza la ukuta. Kisha tukasikia nyundo za gereji, zote kwa pamoja, na ile redio.

Mchana wa siku ileile Mwenyekiti aliwaita wote sebuleni kwake. Suruali yake ilikuwa bado na tope pindoni. Alisimama mbele yao, mtu asiyewahi kuomba radhi, akasema, "Mfamasia aliona. Nilijua hana tabia ya kudanganya. Nilimfuta kwa sababu bila ndege yule mimi na yeye tulikuwa sawa, na nilikuwa sitaki kuwa wa pili." Akaandika kwenye orodha ile, kwa kalamu ileile: Ndege wa Mfamasia. Kwa hiyo mwaka ule aliofutiwa ndege, Baba ndiye wa kwanza, na mpaka leo ukiingia sebule ile utaona hivyo ukutani. Shangazi, ambaye hakulia msibani, alilia pale hadi akalowesha kitambaa cha meza cha watu.

Nilidhani yameisha.

Sasa kila asubuhi, Shangazi akifungua dirisha la chumba cha kushonea, kuna kitu kimekuja. Hatukioni. Tunaona udongo ule laini wa chini ya dirisha, na ndani yake nyayo za viatu vya mwanaume, kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Ni viatu vya Baba. Viatu vile niliviteketeza mwenyewe. Nyayo zinakuja mpaka ukutani, ncha za viatu zimeuelekea ukuta. Hakuna za kurudi.

Majirani wanamshauri ahame. Mmoja alimletea mganga mpaka mlangoni, Shangazi akampima yule mganga kanzu mpya na kumpa bei. Mimi nimemwomba tuzibe dirisha kwa mbao. Amekataa kabisa, anasema atawaonea wapi ndege.

Leo nilimkuta nje na fagio, anazifuta zile nyayo kama anavyofuta vumbi la chaki ya vitambaa, bila haraka. Nikamuuliza, kwa kunong'ona, kama hana wasiwasi kwamba huenda kweli ni Baba, anataka kuingia.

Alikung'uta fagio ukutani.

"Kaka yangu," alisema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "kila akija alibisha hodi."