Mlozi Ana Nyumba Mbili

Kwa maelezo ya Bina Mweene, ambaye kila asubuhi hupeleka nyanya na majani ya maboga kwenye kambi ya watalii kando ya mto, jambo lenyewe lilitokea asubuhi kweupe, jua likiwa limeshapanda. Alikuwa ametua kikapu nje ya ua wa matete, anamngoja mlinzi afungue, akachungulia kwenye mwanya. Akamwona Lubinda. Lubinda yuleyule, mtu wa kabila la Walozi, mpishi wa lori la safari za watalii, mchumba wa Chimuka. Yuko uso kwa uso na mwanamke aliyevaa kaptura, wanacheza.

"Wanacheza nini?" Chimuka aliuliza.

"Ningejua ningekwambia. Muziki hakuna, redio hakuna. Wanarusha mikono tu, hivi, juu, chini, juu, chini." Bina Mweene alisimama katikati ya njia ya soko la Maramba akaonyesha, mpaka muuza dagaa wa kapenta, wa meza ya tatu, akageuka kutazama. "Na wanacheka. Watu waliozoeana hao, mwanangu. Mtu hachezi vile na mgeni."

"Mikononi walishika nini?"

"Mwanya ulikuwa mdogo. Mimi niliona mabega. Na mabega hayajui kusema uongo."

Chimuka alikuwa anakunja kitenge cha njano. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena upande mwingine. "Lubinda anafika kesho," alisema. "Yeye mwenyewe aliniambia."

"Basi kesho yako imekuja mapema. Lori limelala pale tangu jana jioni, barabara za mbuga upande wa Kasane zimejaa maji wakakatisha safari. Mlinzi kaniambia." Bina Mweene akapandisha kikapu kichwani, akashusha sauti kama mtu anayetoa pole. "Mlozi hana nyumba moja, mwanangu. Ana nyumba ya bondeni, ana nyumba ya mafuriko. Maji yakipanda anahamia kule, yakishuka anarudi huku. Wewe jiulize tu wewe ni ipi."

Akina mama wa meza za jirani wakacheka. Chimuka naye akacheka, maana Mlozi na Mtonga kama yeye ni watani tangu enzi za mababu, na anayekasirikia utani anajiaibisha mwenyewe. Lakini kile kitenge cha njano akakikunjua tena.

Utani ndio uliomponza tangu mwanzo. Lubinda alimjia hapo hapo sokoni siku ya msongamano, kabeba gunia la vitunguu begani, nyuma yake wageni watatu wenye kofia pana, wekundu kama nyanya za Bina Mweene. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, jambo la ajabu kwa mtu anayelala kwenye hema. Akasimama mezani kwa Chimuka akauliza kitenge kipi hakichuji rangi.

"Sikuuzii wewe," Chimuka alimjibu baada ya kusikia lafudhi yake. "Wewe ni wa majini. Utakilowesha siku ya kwanza."

"Na ningekuja na ng'ombe?"

"Ungekuja na ng'ombe ningekupa kitenge, halafu ningebaki na ng'ombe."

"Ndiyo maana Watonga mnachelewa kuolewa. Mnamtazama ng'ombe, mwenye ng'ombe hamumwoni."

Aliondoka na vitenge viwili na namba ya simu ya Chimuka. Kila lori lilipotoka Cape Town, likapita Namibia na Botswana na kuvuka daraja la Kazungula, Lubinda alikuja Maramba kabla hata hajafua nguo. Akaja mara nyingi hivyo, mpaka siku moja hakuja yeye, akaja mshenga wake na sahani mbili za bati zenye maua ya buluu ukingoni, moja imeifunika mwenzake, ndani mna nsalamu, fedha za kuomba uchumba. Kilichokuwamo wajomba walikipokea. Sahani zikawekwa juu ya kabati la mama. Sahani zikibaki, msichana amekubali. Zikirudi, mambo yamekwisha, na kijiji cha mwanamume hakihitaji kuelezwa zaidi.

Zilikaa juu ya kabati miezi yote hiyo, na Chimuka alizipangusa vumbi kila Jumamosi.

Shida ilianza na simu ya kutoka Maun kule Botswana, siku chache kabla ya habari za Bina Mweene.

"Umekula?" Lubinda aliuliza, kama kawaida yake. Mpishi haulizi habari, huuliza chakula.

"Nimekula nshima na kapenta. Wewe?"

"Mimi nimelisha watu ishirini, nimebaki na ukoko. Kesho tunaingia kwenye mitumbwi, mtandao hakuna. Usinililie."

"Nikulilie kwani wewe ng'ombe?"

Alicheka. Na katikati ya kicheko hicho sauti ya mwanamke ikaita kwa Kilozi, karibu kabisa na simu: "Lubi, njoo huku."

Lubi. Jina hilo Chimuka alilitunga mwenyewe, wala hakuwahi kulitamka mbele ya watu.

"Nani huyo?"

"Inonge. Dereva wetu mpya, wa Katima."

"Dereva mwanamke?"

"Anaendesha kutuzidi wanaume. Juzi lori lilizama kwenye mchanga, yeye..." Simu ikakatika. Baada ya hapo, kimya. Chimuka alipiga asubuhi, alipiga mchana, mwanamke wa mashine akamjibu kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Wivu haulali njaa. Usipoulisha unajilisha wenyewe. Alimjengea Inonge sura, akampa meno meupe, akampa kiuno, akamkalisha mbele kwenye lori pembeni ya Lubinda barabara nzima ya jangwani, wakizungumza lugha ya mama zao. Na sasa Bina Mweene alikuwa amempa mwanamke huyo mabega.

Chimuka alifunika meza yake, akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa shambani. Alioga, akavaa gauni la kitenge la buluu nzito lenye mikono ya kupanda, akafunga kilemba cha kitambaa hicho hicho, akapaka mafuta miguu mpaka ikang'aa. Anayekwenda kuvunja uchumba huvaa vizuri kuliko anayekwenda kuufunga. Kisha akapanda kiti, akazishusha zile sahani, akazifunga kwenye kitambaa cheupe.

Alijua anachokifanya si desturi. Sahani hizo hurudishwa na wazee kupitia kwa mshenga. Msichana hazibebi mwenyewe hata siku moja. Lakini wazee wangeuliza sababu, naye sababu yake ilikuwa mabega.

Kambini wageni walikuwa ndio kwanza wamemaliza kula chakula cha mchana. Lori lilisimama chini ya miti, refu, limepakwa vumbi la nchi nne. Mwanamke mwenye kaptura alitoka chini yake akiwa na spana mkononi na grisi mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa na kiuno alichompa Chimuka. Alikuwa mfupi, mpana, na meno yake ya mbele yalikuwa na pengo.

"Simama hapo hapo," alisema. "Wewe ni Chimuka. Nakujua kwa picha, hata nikifumba macho nakuona. Kila kituo cha jangwani tunaonyeshwa picha yako. Karibu, wifi."

Chimuka alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, hili la wifi halikuwamo. "Lubinda yuko wapi?"

"Kaenda mjini kutafuta simu nyingine na mikate. Yake ilitumbukia majini tukiwa kwenye mitumbwi. Akaizika kwenye gunia la mchele ikauke, sisi tunakula tu tukiogopa kutafuna betri." Inonge alijifuta mikono, akatazama beseni la vyombo, akamtazama Chimuka. "Hebu weka hicho kifurushi pale, nishikie hizi. Au Watonga mnaosha ng'ombe tu?"

Kabla hajajibu, alikuwa na sahani mbili zinazochuruzika maji mikononi.

"Nipe kitambaa," Chimuka alisema.

"Kitambaa cha vyombo hakipandi lori hili. Kikichafuka kimoja, watu ishirini wanaharisha kutoka hapa mpaka Windhoek, na choo kiko porini. Pepea."

"Nipepee?"

"Juu, chini. Upepo ni wa bure."

Akapepea. Mbele yake mzee mmoja mgeni, mrefu kama mlingoti, alikuwa anapepea vikombe. Pembeni wasichana wawili walipepea masufuria, wanacheka kwa sababu maji yalikuwa yanawarukia. Mikono juu, mikono chini, mabega yanapanda na kushuka, muziki hakuna, redio hakuna. Chimuka aligeuka akautazama ua wa matete. Akauona mwanya. Moyoni aliita jina la Bina Mweene, si kwa sifa.

Mabega yake mwenyewe yalikuwa yanacheza. Akaanza kucheka, kicheko cha kweli sasa, na Inonge akacheka naye bila kujua wanacheka nini.

"Wifi, mbona machozi?"

"Maji ya vyombo."

Ndipo mlinzi akafungua lango, na Lubinda akaingia na mikate kwapani. Alimwona Chimuka, uso wake ukafunguka kama dirisha. Akapiga hatua tatu. Halafu akasimama.

Chimuka alifuata macho yake. Kule mwisho wa beseni, bibi mmoja wa kigeni mwenye miwani, mtu wa huruma asiyependa kuona kazi imebaki, alikuwa amekifungua kile kifurushi. Sahani mbili za bati zenye maua ya buluu alikuwa ameshazisugua vizuri kwa sabuni, anazisuuza.

Lubinda hakupandisha sauti. Aliweka mikate mezani. "Hizo mama yangu alizinunua Mongu," alisema. "Alipanda nazo basi, kazipakata njia nzima."

"Lubi."

"Umezileta mwenyewe. Hata mshenga hukumtafuta."

"Niliambiwa mnacheza. Wewe na huyu. Mikono juu, mikono chini."

Kisha Inonge alielewa, akajishika mdomo, akachukua spana yake akarudi chini ya lori, ambako kicheko chake kilisikika kikigonga vyuma.

Lubinda hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, viwiko magotini. "Ungepiga simu."

"Nilipiga. Mchele haupokei." Alitaka kusema taratibu, ikatoka kali. "Na jina? Lubi nilikupa mimi. Leo linaitwa na kila mtu barabarani."

"Siku ya kwanza ya safari hii waliniuliza waniiteje." Aliinamisha kichwa. "Nikawapa hilo. Nilitaka nikiitwa, mara moja moja nigeuke nikidhani ni wewe. Wala halisaidii. Nageuka namkuta mtu anataka pilipili."

Chimuka alisogea kwenye beseni. Akazichukua sahani za buluu kutoka kwa yule bibi, akamshukuru kwa kichwa. Maji yalichuruzika kwenye gauni lake.

"Basi sikia," Lubinda alisema, na kwa mara ya kwanza ukingo wa mdomo wake ukasogea. "Mshenga hajui. Mama yako hajui. Wewe ulikuja na vyombo vyako kambini kuomba sabuni, maana kwenu sabuni imekwisha. Si ndivyo? Zikaushe, urudi nazo. Keshokutwa asubuhi tunaanza kurudi Cape Town, na nikiondoka safari hii nataka mjomba wako awe ameniambia tarehe."

Ilikuwa njia nzuri, pana, ya kupita bila aibu. Chimuka alikuwa ameshainua mguu kuipita. Akaanza kupepea.

Wakati huo Inonge, ameshatoka chini ya lori, alikuja kutoka upande wa jiko na kikombe cha chai. Alikipeleka pembeni ya bega la Lubinda, na Lubinda, macho yakiwa bado kwa Chimuka, akanyoosha mkono akakipokea pale pale kilipokuwa, akanywa. Hakugeuka kutazama. Hakuuliza sukari. Inonge alikuwa ameshaondoka kurudi kwenye spana zake.

Kitu chenyewe kilikuwa hicho tu. Bina Mweene asingekiona hata ua wote ungebomolewa. Baba yake Chimuka, Mungu amrehemu, alikuwa anapokea chai namna ile kwa mama, jioni, akisoma gazeti.

"Anajua sukari yako," Chimuka alisema.

"Nani?"

"Vijiko vingapi?"

Lubinda alitazama kikombe kana kwamba ndio kwanza anakiona mkononi. "Chimuka, tunaamka pamoja saa kumi na moja kila siku. Kila mtu kwenye lori anajua sukari ya mwenziwe. Mimi najua yake. Najua hata ya yule mzee mrefu."

"Ya kwangu?"

Lubinda akakizungusha kikombe mkononi. Wao wawili siku zote walikunywa soda ya sokoni, wamesimama, kati ya lori na lori.

"Yeye ni dada yangu," alisema.

"Naamini."

"Sasa?"

"Nimeamini, Lubi. Ameniita wifi na sikusikia uongo. Lakini nyumba ya bondeni ndiyo mimi, na nyumba ya mafuriko ina magurudumu, na humo ndimo unamoishi." Hakuwa analia. Mikono ilikuwa inaendelea, juu, chini. "Nina ombi moja, na si utani. Omba lori jingine. Kampuni ina malori mengi. Au omba kazi ya jikoni hapa hapa kambini, uwe unalala mji mmoja na mimi, mpaka nijue sukari yako. Ukiniambia ndiyo, nazirudisha sahani hizi juu ya kabati sasa hivi, na mjomba anakupa tarehe Jumapili."

Lubinda aligeuka akalitazama lori. Lilikuwa na vumbi la nchi nne, na kwenye mlango wa jiko lake alikuwa amechora kwa mkono wake samaki mdogo wa Kilozi. Chini yake miguu ya Inonge ilitokeza, na sauti yake ikauliza nani amechukua spana namba kumi na tatu. Lubinda alijua ilipo. Mkono wake ulisogea kidogo kuielekea, halafu akauzuia, akauweka gotini.

Akamtazama Chimuka. Chai ikapoa mkononi mwake.

Sahani zilikuwa zimekauka zamani. Chimuka aliendelea kuzipepea, juu, chini, kwa sababu akisimama itabidi aamue aende nazo upande gani.