Mtamba kwa Fulana Nyeupe

Siku ya kufungua belo la nguo Damari hakutaka utani na mtu. Tangu alfajiri alikuwa amesimama soko kuu la Singida, kanga imekazwa kiunoni, vumbi la mitumba limemkaa kooni, na upepo unampeperushia mashati. Ndipo akatokea kijana mrefu, shati limejaa madoa ya mafuta ya alizeti.

"Dada, nataka fulana nyeupe. Isiyo na maandishi."

"Zenye maandishi ndizo wanazogombea wenzako."

"Mimi sitaki kusomwa."

Damari akacheka bila kupenda. "Na mafuta hayo, nyeupe utaivaa lini, kaka?"

"Jumapili. Ukinichagulia wewe, hata Jumatatu."

Huyo ndiye Gasto, mkamuaji wa alizeti. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, hata akawa hana tena cha kununua. Ikawa mapenzi, basi. Kufikia mavuno baba yake Damari, Mzee Ignas wa Mwankoko, alikubali kumpokea kwa mtamba mmoja wa kuanzia mahari. Na mtamba alikuwepo. Gasto aliachiwa na marehemu mama yake, naye mtamba akitunzwa kwa mjomba kule Kinyangiri.

Ningetamani niishie hapo. Lakini zilikuwa zile enzi za ruksa, kila kitu kinaingia nchini, na bwana mmoja, Urbano, alikuwa amefungua duka la nguo lenye vioo mbele, mkabala na soko. Humo hamkuwa na nguo nyingi. Fulana chache tu, nyeupe, nyeusi na za kijivu, tupu kabisa, hazina hata ua. Bei zake zilimtaka mtu akae chini kwanza. Jioni moja wakipita hapo, Damari alisimama.

"Tazama kitambaa kile, Gasto. Kizito, halafu kimetulia. Ukivaa ile huna haja ya kusema sana."

"Unaipenda?"

"Nani asiyeipenda?"

Damari alisema kama muuza nguo. Gasto alisikia kama mchumba, na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Wiki nzima aliitazama mikono yake yenye mafuta, akamwona Urbano, na ile shingo yake safi, anavyomsalimia Damari, akajiona hafai. Akapanda basi hadi Kinyangiri, akamuuza mtamba mnadani. Mtamba mzima akageuka fulana mbili za dukani kwa Urbano, yake na ya Damari, na raba nyeupe. Alidhani posa bado iko mbali, atanunua mwingine. Kudhani hakuna gharama siku ya kwanza.

Kwetu ng'ombe wa mahari hutazamwa zizini kabla ya posa. Philipo, baba mdogo wa Damari, alikwenda Kinyangiri kumtazama, akaonyeshwa kamba tupu.

Jioni Philipo aliporudi na habari hizo, Gasto naye akapiga simu duka la jirani, Damari akaitwa.

"Mpenzi, nina kitu chako. Kesho utacheka."

"Mtamba yuko wapi?"

Gasto akaanza habari za raba.

"Baba mdogo ameonyeshwa kamba," Damari alisema. "Baba anasema aliyeuza mtamba wa posa amekataa mke. Umenikataa, Gasto?"

"Hapana, mama. Nilitaka tu..."

"Nimechoka." Akakata simu.

Kesho yake Gasto alikuja sokoni hata hivyo, saa nne asubuhi, boksi kwapani. Raba zinameta. Fulana ilimkaa vizuri mno, ila alikuwa amepitia kwenye mashine ya alizeti, na tumboni palishakuwa na doa la mafuta.

"Ndiye mtamba huyu?" Damari aliuliza.

"Ulisema unaipenda."

"Nilisifu kitambaa."

"Nikamwona Urbano..."

"Urbano anamsalimia kila mwenye pochi. Wewe nilikupenda na madoa yako, hukuona?"

Akapekua rundo lake la mitumba, akavuta fulana nyeupe, akageuza ukosi. Lebo ile ile ya dukani kwa Urbano, mshono ule ule. Damari alikuwa akiziuza kwa bei ya sahani ya wali maharage. Gasto akaishika huku akiipapasa ile ya mwilini, muda mrefu. Aliona aibu hadi machozi yakamtoka mbele ya wachuuzi. Damari akamhurumia, na huruma ile ikamuudhi.

"Mzee anasemaje?"

"Anataka mtamba. Hataki machozi."

"Utanisubiri?"

Damari akalichukua boksi. Alilifungua, akaishika fulana yake mpya, akainusa. Ilikuwa nzuri kweli, tusidanganyane. Kisha akaitupa juu ya rundo. Kufikia mchana mwalimu mmoja alishaichukua kwa bei ya mtumba, maana nani angeamini ni mpya ikiwa pale? Alipokwisha kuitupa, Damari akaenda upande wa kuku, akarudi na tetea mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya belo.

"Mpeleke Kinyangiri. Kuku wakiwa wengi unanunua mbuzi. Mbuzi wakiwa wengi unanunua mtamba. Si ndivyo mnavyofanya wote huko?"

"Itachukua miaka, Damari."

"Najua."

Gasto akampakata tetea juu ya fulana nyeupe, na kuku hakukawia kuichafua.

"Nikifika nikupigie?"

"Usipoteze hela ya simu," Damari alisema, akirudi kwenye mashati yake. "Piga tetea akiangua."