Skrubu ya Tatu

Kila alasiri alipotoka shuleni, Kavata alifua sare yake, akaianika, kisha akafagia mchanga ambao upepo wa baharini ulikuwa ukiuingiza sebuleni siku nzima. Alikuwa darasa la saba katika shule moja ya msingi pale Ukunda, na katika somo la Sayansi hakuna aliyempita. Jambo hilo alilijua vizuri, pengine kupita kiasi.

Alhamisi moja ya mwaka wa 1998 aliikuta sebule imebadilika. Hoteli ya Diani alimopika baba yake, Mzee Nzioka, ilikuwa imekosa wageni kwa muda mrefu. Ukumbi wake wa disko ulifungwa, na wafanyakazi waliotumika miaka mingi wakapewa vyombo vya muziki. Mzee Nzioka alipata amplifaya nzito ya chuma, deki ya kaseti, spika mbili zilizomfikia Kavata kifuani, na kisanduku cha soketi nne ambacho waya wake ulikuwa umekatwa kilipobanduliwa ukutani.

"Jumamosi alasiri kwaya nzima itakuja kuisikiliza kaseti yetu kwa mara ya kwanza," baba alisema. "Bila waya, kisanduku hiki ni kopo tu. Chukua pesa hizi, nenda kwa Fundi Alfani. Mweleze tuna vyombo gani, akuchagulie waya. Usichague wewe. Achague yeye."

"Lakini baba, mambo ya umeme tumeyasoma."

"Mmeyasoma, naam. Yeye ameyafanya. Nenda."

Kavata alikwenda, lakini maneno yale yalimkera. Je, hakuwa wa kwanza darasani? Njiani alikutana na Quincy, mwanafunzi mwenzake, ambaye kaka yake alikuwa akipiga muziki wa disko.

"Fundi Alfani? Yule mzee wa redio za mbao?" Quincy alicheka. "Atakupa ule mweusi, Kava, kama wa kinu cha posho! Maze, chukua ule wa dhahabu. Brathangu anatumia huo huo, na besi inagonga mpaka kifua kinatetemeka."

Kavata hakufika kwa Fundi Alfani. Aliingia duka la vifaa vya umeme, na hapo akauona waya wa dhahabu uking'aa ndani ya plastiki angavu, mnene kama kidole cha mtu mzima.

"Wa kazi gani?" muuzaji aliuliza.

"Wa muziki," Kavata alijibu kwa fahari, na muuzaji akampimia mita sita.

Nyumbani alifungua plagi aliyoinunua pamoja na waya, kwa kisu cha mezani. Ndani mlikuwa na skrubu tatu, na ndani ya kisanduku vilevile tatu. Lakini waya wake ulikuwa na nyaya mbili tu, zilizoungana ubavu kwa ubavu. Kitabu cha Sayansi kilionyesha nyaya tatu. Aliikumbuka picha ile hata kwa rangi zake. Aliitazama skrubu iliyobaki wazi. Kisha akarudisha kifuniko, akakaza.

"Fundi Alfani amesemaje?" baba aliuliza kutoka jikoni.

"Fundi Alfani ndiye aliyeuchagua."

"Basi sawa. Akisema Alfani, mimi sina neno."

Waya ulikuwa mrefu kuliko haja. Kavata aliukunja mizunguko mitano, akauficha chini ya zulia ili sebule ipendeze. Ijumaa jioni, alipokuwa akipangusa vumbi juu ya amplifaya, alihisi vidole vikimsisimka kana kwamba vimetembewa na sisimizi. Aliuondoa mkono upesi. Hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi mama yake, Kaluki, alianza kuyapiga pasi majoho ya kwaya. Kwa kuwa soketi ya ukutani ilikwisha kushikwa na kisanduku, pasi nayo iliingizwa kwenye kisanduku hicho hicho. Mama Veronicah, mwanakwaya mwenzao, alikuwa ameleta joho lake na kuketi akinywa chai, huku baba akijaribu kaseti. Sauti za kwaya zilijaa nyumba nzima.

"Mungu wangu, kumbe tunaimba hivi!" Mama Veronicah alishangaa.

"Wewe hapo ndiwe uliyechelewa kuingia," mama alimtania.

Walikuwa bado wakicheka baba alipoinua pua. "Kaluki, unaunguza joho?"

"Joho haliungui. Harufu inatoka chini."

Baba alizima swichi ya ukutani kwanza, ndipo akainua zulia. Ile mizunguko mitano ilikuwa imeyeyuka ikashikana, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka katikati yake.

"Alfani," baba alisema taratibu. "Mtu niliyemwamini miaka yote hii. Angetuchomea nyumba."

"Na redio yangu iko kwake!" Mama Veronicah alisimama na kuchukua mkoba wake. "Naifuata sasa hivi. Na wanakwaya wote nitawaambia, wasije wakaunguliwa kama nyinyi."

Kavata alikuwa ameshikilia joho lililokwisha kunyooshwa. Aliona wazi jambo linalotaka kutendeka: kabla ya adhuhuri, Fundi Alfani angekuwa mtu asiyeaminika Ukunda nzima, wala asingejua kwa nini. Kunyamaza kungetosha. Hakuhitaji hata kusema uongo mwingine. Mama Veronicah alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti.

"Mama Veronicah, ngoja!" Kavata aliliweka joho, akamkimbilia. "Fundi Alfani hajauona waya huu. Nimeuchagua mimi."

Baba aligeuka. "Alhamisi ulinijibu nini?"

"Nilisema ndiye aliyeuchagua. Nilisema uongo, baba."

Mzee Nzioka aliichomoa plagi, akaifungua kwa kisu kile kile cha mezani, na kuinyoosha mbele ya binti yake. "Na skrubu hii iliyo tupu, ilikuwa ya nini?"

"Ya waya wa tatu, unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Niliiona. Nikafunika."

Baba hakumpiga wala hakupaza sauti. "Vaa viatu. Uubebe waya huu mkononi, watu wauone, mpaka kwa Fundi. Umweleze yote kwa kinywa chako."

Fundi Alfani, Mdigo wa makamo, alikuwa amekiinamia kifua cha redio iliyofunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wajihi huo wa nini? Hujambo?"

Kavata alimsimulia yote, bila kumtanguliza Quincy wala kujitetea. Fundi alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe asubuhi ya leo nimeichoma nyumba ya Nzioka," alisema, "nami nipo hapa nanywa kahawa yangu, sina habari!"

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Lakini ujue ulichokigusa. Tazama mlangoni pangu, waona kibao?"

"Sikioni."

"Sina. Watu huja hapa kwa sababu mwenzao aliwaambia kwamba kwa Alfani hakuna udanganyifu. Neno hilo ndilo kibao changu, na wewe ulitaka kuliangusha."

Kavata aliinamisha kichwa. Fundi alichukua kisu, akakata kipande cha waya mweusi na kipande cha ule wa dhahabu, akaviweka pamoja.

"Haya, mwanasayansi, nionyeshe shaba."

Kavata alichungulia. Ule mweusi, mwembamba kwa kuutazama, ulikuwa na nyaya tatu zilizojaa shaba. Ule wa dhahabu ulikuwa plastiki tupu, na katikati shaba kidogo kama nywele chache.

"Plastiki haibebi umeme," Fundi alisema. "Pasi peke yake hula umeme kupita muziki wenu wote, na nyinyi mkampa mzigo huo huyu mnyonge. Kisha mkamkunja chini ya zulia! Joto lake liende wapi?"

"Basi Quincy alinidanganya?"

"La. Kaka yake huutumia kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika, na hapo ndipo mahali pake. Muuzaji alikuuliza wa kazi gani. Ungesema wa kutoka ukutani, angekupa mwingine. Pande ambalo halikuungua tutalifunga kwenye spika."

Walifuatana hadi nyumbani. Fundi alimwachia Kavata bisibisi, akasimama juu yake kama msimamizi wa mtihani. Kila skrubu ilipokazwa, aliuvuta waya kuona kama utatoka. Haukutoka. Ya tatu aliivuta mara mbili. Pasi ilitafutiwa soketi yake chumbani, na waya mweusi ukalazwa wazi kando ya ukuta, bila mkunjo.

Alasiri kwaya ilijaa sebuleni hadi barazani. Kaseti ilipoanza, watu waliokuwa wakisukumana walinyamaza. Bwana Gilbert, kiongozi wa kwaya, alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza, "Nzioka, sauti safi namna hii! Waya kawachagulia nani?"

Baba alimtazama Kavata.

"Fundi Alfani ndiye aliyeuchagua," Kavata alisema.

"Na redio yangu aimalize upesi!" Mama Veronicah alidakia, na Fundi, aliyekuwa mlangoni na soda yake, akacheka.

Kicheko kilipopoa, baba alimvuta Kavata kando. "Maneno hayo ndiyo uliyoniambia Alhamisi, neno kwa neno. Niliyaamini, nikailaza familia yangu juu yake siku mbili. Sikiliza, binti yangu. Kutojua si aibu. Kuuliza kungekuchukua dakika tano. Aibu ni kuliazima jina la mtu mwema ili ufunike usichokijua. Leo umelirudisha jina hilo mbele ya watu, nami nimekuona."

"Nimesikia, baba."

Upande wa kwanza wa kaseti ulifika mwisho. Kavata alitumwa kuigeuza. Kabla ya kubonyeza deki aliinama kando ya ukuta, akaushika waya mweusi kwa kiganja kizima. Ulikuwa baridi.