Dumu la Kwandu

Kwandu alimwaga maji nyuma ya kichaka, lita tano zote, akafunga kifuniko kwa hasira. Mgongo ulikuwa unamuuma. Msichana wa miaka kumi na mitatu, Jumamosi nzima, abebeshwe dumu kupanda kilima ili akaone ziwa ambako baba yake, Nyanda, alinywesha ng'ombe utotoni! Mdogo wake Josia alikuwa analia tangu walipoacha barabara ya Bariadi.

"Ngosha mzima, mwanamume, unalia?" baba alimtania. "Miguu ya mjini hiyo."

"Huku hakuna mtandao, baba," Kwandu alisema.

"Ziwa halitaki mtandao."

Kufika saa saba, jua lilikuwa linawakaanga. Josia akaomba maji. Baba alinyanyua dumu, likawa jepesi kama ganda.

"Limevuja," Kwandu alisema, macho chini.

Baba hakugombeza. Alifanya afanyalo kila mtu wa Simiyu mwenye kiu: alishuka kwenye mto mkavu, akapiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono. Maji yakachuruzika shimoni. Josia akalala kifudifudi, akanywa. Nyuma ya kilele radi ilinguruma, lakini juu yao anga lilikuwa jeupe, na kiu haina masikio.

Mto ulikuja ukivuma kama lori lililokatika breki. Ukuta wa tope, magogo, mzoga wa mbuzi.

"Jiweni! Pandeni!"

Baba alimrusha Josia juu ya mwamba uliokuwa katikati ya mto, akamsukuma Kwandu kwa bega. Gogo likampata baba mguuni. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Kwandu alimdaka ukosi wa shati, akavuta, akavuta, kucha mbili zikang'oka, mpaka baba akalala juu ya jiwe akitapika matope.

Damu ilikuwa inaruka. Kwandu alivua mtandio, akafunga juu ya jeraha.

"Kaza, mayu," baba alinong'ona. Humwita hivyo, yaani mama, akimbembeleza. "Kaza zaidi."

Maji yalilamba vifundo vyao. Yakafika magotini.

"Baba, dumu halikuvuja."

"Najua. Nilikuona."

Ng'ambo ilisikika mbinja. Mchungaji mmoja alikuwa amemwingiza maksai mkubwa majini, naye kaning'inia nunduni. Maganga, jirani wa zamani wa baba.

"Nyanda! Mmekuja kuoga bila sabuni?" alipaza sauti alipofika. "Ng'ombe amechoka. Ni safari moja tu. Mtoto shingoni kwangu. Wewe binti, shika mkia, na usiachie hata akikunyea!"

Mkono mmoja mkiani, mwingine kwenye mkanda wa baba. Mto uliwameza, ukawatema, ukawameza tena. Mti ulimchana Kwandu shavu. Bega lake lilikuwa linachomoka.

"Niachie," baba alisema. "Utakufa."

"Siachii!"

Maksai alikoroma, kwato zikagusa changarawe, akawaburuta wote hadi kwenye nyasi.

Maganga alimpa Kwandu kibuyu cha maji. Koo lake lilikuwa linawaka. Alimnywesha baba. Alimnywesha Josia. Yaliyobaki yalilowesha ulimi tu.

Vijana wa Maganga walileta kitanda cha kamba, wakambeba majeruhi.

"Ziwa lilikuwa hapo juu tu," baba aliguna. "Nusu saa."

Kwandu alikuwa anatembea kando ya kitanda, pekupeku, damu ikimkaukia shavuni.

"Pona mguu, baba. Tutarudi. Na dumu nitabeba mimi."