Sahani ya Amagoro

Siku Roselida alipokutana na Ekisa, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha roleksi karibu na geti la mpakani Busia, akinusa chapati na mayai ya watu wengine. Malori yalipiga honi, watu wa boda waligombania abiria, naye, katika gauni lake la kitenge cha buluu, hakusogea.

"Dada, unanunua ama unalinda?" aliuliza mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi, kitambulisho cha wakala wa forodha kikining'inia kifuani.

"Nanusa tu, boss. Niko na sukari."

Ekisa alicheka, akaacha roleksi yake mwenyewe pale pale, akamsindikiza hadi kwenye meza yake ya mitumba sokoni. Mapenzi yalianzia hapo. Kila jioni alimpigia simu kutoka Malaba alikofanya kazi.

"Mrembo wangu, umekula nini leo?"

"Mrenda, kunde, na ugali wa kushibisha paka."

"Huyo paka asinenepe."

Miezi mitano wakaenda hivyo. Sukari ikashuka, na kidonda alichokuwa nacho kwenye kidole cha mguu, ambacho daktari alisema kisipopona kidole kitakatwa, kikaanza kufunga.

Kisha Desemba, Ekisa akampeleka Amagoro kwa mama yake. Mama aliandaa atap, ule ugali wa wimbi, rundo zima, na kuku, na soda. Katika boma lile la Wateso, mchumba anayebakisha chakula cha mama mkwe ameikataa nyumba, na kila aliyeketi pale alilijua hilo. Roselida akamtazama Ekisa. Ekisa akatazama sahani yake. Basi akala akamaliza, akaongezewa, akamaliza tena.

"Huyu ni wetu," mama akasema, akimpigapiga begani.

Kesho yake Roselida alijiambia ameshaharibu, andazi moja litamwongezea nini. Likawa matatu, ikaja soda ya asubuhi, zikapita wiki tatu. Simu za Ekisa aliziacha zilie kwa sababu angeulizwa amekula nini. Alijichukia, na kila akijichukia alikula zaidi. Kidonda kikafunguka, kikaanza kunuka.

Ekisa alimkuta sokoni, mguu umefungwa kitambaa.

"Hushiki simu, mpenzi. Nimekukosea nini?"

"Uliniona nikila, ukanyamaza."

Ekisa akainamisha kichwa. "Sikuwa nimeambia mama uko na sukari. Niliogopa atasema naleta mgonjwa kwa boma."

Maneno hayo yalimuuma Roselida kuliko kidonda. "Kwa hivyo ilikuwa heri nimalize sahani."

Ekisa alitoa simu, akampigia mama yake hapo hapo, akaweka sauti ya nje wateja wakisikia. "Mama, Roselida ako na ugonjwa wa sukari. Kile chakula kilimuumiza. Ni mimi nilinyamaza."

"Kwani wasichana wenye afya wameisha huku kwetu?" mama akauliza, kisha akakata simu.

Kidole kilikatwa Alhamisi. Ijumaa Ekisa alikuja wodini na bakuli la kunde, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Nataka kukuoa, Rose. Mama akubali, asikubali."

"Usiniulize leo. Leo mimi ni mtu wa kupunguzwa vipande."

"Nikuulize lini?"

"Nikila vizuri mwezi mzima bila kuteleza. Na nitateleza, Ekisa. Najijua."

"Ukiteleza uniambie siku hiyo hiyo. Usikae wiki tatu. Tunaanza kuhesabu upya."

"Na mguu ukiisha kabla ya huo mwezi?"

Ekisa akamshika mkono, akaketi ukingoni mwa kitanda. Roselida hakumwamini, wala hakujiamini mwenyewe, lakini alikuwa na njaa, na kilichokuwepo ni kunde zisizo na chumvi. Akala kijiko kimoja, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Basi hii ni siku ya kwanza," Ekisa akasema.

"Haijaisha," Roselida akamjibu. "Bado ni saa saba mchana."