Kakao ya Mzee Shamte

Kila asubuhi akitoka chuo cha Kurani, Arafa alifagia uga, akateka maji, kisha akageuza mbata, nazi zilizopasuliwa na kuanikwa juani. Kwa babu yake, Bwana Zahor, kisiwani Chole, kila mtoto aliijua kazi ya nazi. Mbata ikinuka uchachu imeoza, hakuna mjadala.

Wiki ile ilikuja kazi ngeni. Miaka mitano nyuma Mzee Shamte, mtunza shamba, alipanda miche ya kakao kutoka Unguja, na sasa ilikuwa imezaa kwa mara ya kwanza.

"Asili yake Amerika, mbali huko," alisema akipasua matunda. "Wenyewe waliinywa chungu, tena kwa pilipili. Wazungu ndio walioitia sukari."

Akazirundika kapuni mbegu zenye ute mweupe, akazifunika kwa majani ya mgomba. "Zikae siku sita, mwanangu, uzigeuze kila baada ya siku mbili. Usizioshe. Mimi naenda Kiegeani msibani."

Siku ya pili Arafa akafunua. Lo! Harufu ya siki ikampiga puani. "Zimeoza hizi, nami ndiye nitakayelaumiwa!" Hakumwuliza mtu. Akaziosha zikatakata, akazianika kando ya mbata.

Shamte aliporudi baada ya siku kumi alimwuliza, "Zilikaa siku sita?"

"Ndiyo, mzee," akajibu, macho chini.

Shamte hakuwahi kuziona zilizo tayari, akaamini. Ijumaa akazikaanga, akazimenya, akazisaga juu ya jiwe mpaka zikatoa mafuta, akazichemsha kwa maziwa na sukari. Bwana Zahor akawakaribisha wageni barazani. Akapiga funda moja, uso ukamkunjamana.

"Shamte, hii dawa ya minyoo?"

Wageni wakaangua kicheko.

"Kesho miti hiyo ikatwe. Tupande minazi," Bwana Zahor akaamuru.

"Niwie radhi, bwana," alisema Shamte kwa sauti ndogo. "Pengine mikono yangu imezeeka."

Arafa alikuwa ameshika sinia mlangoni. Aibu ilimwaka usoni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimfuata Shamte uani, akamkuta ananoa shoka, machozi yanamlengalenga. Angeweza kumwambia palepale, wawili tu. Lakini mzee alivunjiwa heshima mbele ya watu. Akarudi barazani.

"Babu, ni mimi. Niliziosha siku ya pili, kisha nikadanganya. Mzee Shamte hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Bwana Zahor alimtazama mpaka Arafa akaanza kulia.

"Kuziosha ni kutojua, hilo ningelicheka," akasema. "Lakini umemwacha mtu mzima aombe radhi kwa kosa lako. Hata mimi nimemwonea."

Akainuka mwenyewe, akaenda uani kumtaka Shamte radhi na kulichukua lile shoka.

Mavuno yaliyofuata Arafa aligeuza mbegu kama alivyoagizwa, pua ameiziba. Siku ya sita zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo; kumbe uchachu ule ndio uliozipa ladha. Zilipokaangwa, harufu yake iliwatoa majirani nje. Kikombe cha kwanza alipewa Shamte, mbele ya wageni walewale.

"Mashallah!" akasema, kisha akamgeukia Arafa. "Mwanangu, usilolijua, uliza. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaibeba aibu yako."

"Nimesikia, mzee," Arafa akajibu. Alikuwa amekwisha kusamehewa, lakini ilimchukua siku nyingi kuweza kumtazama usoni.