Kipimo Kwenye Daftari la Mama

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua sare, nilikuwa na kazi moja niliyoipenda: kuandika vipimo. Mama ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Mteja akisimama, Mama humzungushia tepu kiunoni na kutaja namba, nami naziandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Kilichoandikwa humo hakikubishiwa. Mama aliweza kukata kitambaa cha gharama kwa kutazama mwandiko wangu tu.

Nyumbani waliniita Profesa. Si kwa sababu ya darasani, maana huko nilikuwa msichana wa katikati tu. Ni kwa sababu ya mdomo. Hakuna jambo nililokubali kwamba silijui.

Basi Baba, anayefanya kazi mbali, akatutumia runinga kubwa. Aliinunua kwa ajili ya Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yakichoka, na kila taarifa ya habari ilibidi tumsimulie upya. Mama akapanga tuende Ijumaa kununua vifaa vyake: spika, hedifoni ya Bibi, na braketi, yaani kile chuma cha kuitundikia runinga ukutani.

"Profesa," akaniambia Alhamisi, "nyuma ya runinga kuna matundu manne ya skrubu. Pima umbali wake, uandike kwenye daftari."

Sikupima. Runinga ilikuwa bado ndani ya boksi, na kuitoa kulihitaji watu wawili. Dada yangu mkubwa, anayemsaidia Mama kushona, alikuwa akifua, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kuwaringia wenzangu. Nikakumbuka kwamba niliwahi kumwona fundi akipima runinga ya jirani, na alitaja sentimita ishirini kwa ishirini. Runinga ni runinga, nikajiambia. Nikaandika ishirini kwa ishirini kwa mwandiko mzuri, nikapiga na mstari chini yake.

Dukani tulihudumiwa na kijana mpole aliyevaa aproni ya kijani. Mimi nilikuwa nimeshaivamia sabufa, spika nene ya besi yenye taa za rangi.

"Hiyo ina ngurumo nyingi," kijana akasema akitabasamu. "Bibi atatikisika, lakini maneno hatayasikia. Chukueni hii nyembamba, inatoa sauti ya mtu vizuri."

"Nilikuwa naijaribu tu," nikasema, kana kwamba nilijua tangu mwanzo.

Ilipofika zamu ya braketi, Mama akafungua daftari na kumsomea. Kijana akasita.

"Mama, mna uhakika? Runinga ya ukubwa huo mara nyingi matundu yake yameachana zaidi."

"Kaka, mimi ni fundi," Mama akajibu. "Kwetu kikiandikwa, kimepimwa." Kisha akanigeukia. "Ulipima, sivyo?"

"Nilipima," nikasema. "Tena mara mbili."

Hiyo mara mbili sijui ilitoka wapi.

Jumamosi asubuhi fundi wa umeme alikuja na mashine yake ya kutobolea. Bibi alikuwa ameketi tayari mbele ya ukuta mtupu, hedifoni kichwani, ingawa haikuwa imeunganishwa na chochote. Fundi akatoboa matundu manne, akafunga braketi. Dada akamsaidia kuinyanyua runinga. Wakaisogeza kushoto, wakaisogeza kulia, kisha wakaishusha polepole.

"Haifiki," fundi akasema. "Chuma ni kidogo. Hamkupewa chenyewe."

Mama hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hakunishuku hata kidogo. Aliifungua braketi ukutani, akachukua na daftari, akasema, "Twende. Yule kijana atanieleza."

Njia nzima nilitaka kusema, na kila nilipofungua mdomo nikaufunga. Tulipofika, duka lilikuwa limejaa. Mama akaiweka braketi mezani.

"Kijana, nilikusomea kipimo, wewe ukanipa kitu kisichofaa. Sasa ukuta wangu umetobolewa bure."

"Mama, nilikupa uliyoniomba," kijana akajibu kwa sauti ndogo.

"Niliomba inayotosha runinga yangu!"

Mwenye duka akatoka nyuma. Hakusikiliza sana. "Wiki iliyopita nilikuonya kuhusu kuwapa wateja vitu visivyo sawa," akamwambia kijana. "Leo tena. Vua hiyo aproni, uende nyumbani."

Kijana akapeleka mikono mgongoni, akaanza kufungua fundo la aproni. Uso wangu uliwaka moto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Hajakosea," nikasema. "Sikupima. Niliandika tu."

Watu wakageuka. Mama akanitazama, akalitazama daftari, akalifunga.

"Kaka," akamwambia kijana, "nimekukosea mbele ya watu hawa, na mbele yao nakuomba radhi. Ulituuliza, tukajifanya tunajua." Mwenye duka naye akakohoa, akamwambia afunge aproni yake. Braketi ilikuwa imeshachubuka, haikurudishika. Ikabidi tubadilishe spika, ambayo hatukuwa tumeifungua, ili tupate braketi nyingine.

"Kapime, na urudi na ile spika," Mama akaniambia. "Tunakusubiri hapa."

Nilikimbia nyumbani. Mimi na Dada tukailaza runinga juu ya godoro, nikaweka tepu: arobaini kwa ishirini. Bibi akauliza kuna nini. Nikamjibu kwa sauti ya chini. "Sema kwa nguvu, mjukuu wangu," akasema. Nikarudia. Bado. Mwishowe ikabidi nipige kelele, dirisha likiwa wazi na jirani akianika nguo: "Nilidanganya kwamba nimepima!"

"Ahaa," Bibi akasema. "Hiyo nimeisikia."

Jioni runinga ilikuwa ukutani, na Bibi akasikiliza habari kwa hedifoni yake. Sisi wengine tuliegemea karibu ili tusikie, maana spika haikuwepo na sauti ya runinga yenyewe ilikuwa ndogo. Nililileta daftari nikitaka kuchana ule ukurasa. Mama akaniwekea mkono.

"Daftari hili halichanwi. Kata kwa mstari, uandike cha kweli chini yake." Nilipomaliza akaendelea, "Kutojua si aibu, mwanangu. Ungeniambia hujapima, tungepima pamoja. Lakini ukisema umepima na hujapima, anayeumia ni mtu asiye na habari. Leo nusura awe yule kijana."

Jumatatu mteja alipokuja, nilikaa mbali na daftari. Nilidhani kazi ile imeniponyoka. Mama alizungusha tepu, akaninyooshea kalamu, nami nikaipokea.

"Sitini na..." akataja.

Cherehani ya Dada ilikuwa ikilia, na sikuwa nimesikia vizuri. Zamani ningeandika tu.

"Samahani, Mama," nikasema. "Sijasikia. Rudia."

Mama akaizungusha tepu upya, akaisoma tena.